Kanzidata haijapotea: kwa vijana wa fildi na wanaoanza kazi

Wiki iliyopita kijana wetu wa fildi alinipigia simu saa tatu usiku. "Shikamoo dada. Kanzidata imepotea." Nikamuuliza imepoteaje. Akasema mfumo haufunguki, ameshawasha upya seva mara mbili, na sasa amelikuta faili la ldf (faili la logi la kanzidata ya SQL Server, programu inayotunza data zetu) kwenye diski nyingine, anataka kulifuta ili aunganishe mdf (faili la data yenyewe) peke yake. Nikamwambia, mdogo wangu, toa mkono kwenye kipanya, nakuja. Kutoka Shangani, hapa Mtwara, hadi ofisini si mbali kwa bodaboda, lakini njia nzima nilikuwa naomba asiguse kitu.

Nimeyaona haya kwa vijana wanne sasa, wote wazuri, wote wana haraka. Basi nisikilizeni.

1. Jua kwanza kilichopotea ni kipi. Kosa namba 26 maana yake hata kwenye seva hujafika: angalia kama huduma ya SQL Server inaendeshwa, na kama instansi (SQL Server moja kati ya kadhaa kwenye mashine) ina jina lake, angalia huduma ya SQL Server Browser na mlango wa UDP 1434 kwenye fayawoli. Kosa 4060 maana yake seva umefika, ila kanzidata uliyoitaja haipo kwa jina hilo, haijafunguka, au akaunti yako haina ruhusa nayo. Ukiona 5120 au 5123, seva imeshindwa kufungua faili kwenye diski. Kabla hujasema "imepotea", andika SELECT @@SERVERNAME, kisha SELECT name, state_desc FROM sys.databases: utajua uko kwenye seva ipi, na ina kanzidata zipi katika hali gani. Kijana mmoja tulimtuma Masasi, kilomita 200 hivi, na diski ya akiba begani. Alipofika akakuta karani ameingia kwenye SQLEXPRESS (SQL Server ndogo) ya kompyuta yake mwenyewe, si kwenye seva, anashangaa mbona hakuna kitu. Mstari mmoja kwa simu ungetosha.

2. Soma namba ya mwisho kwenye ujumbe, ile ya Windows. 5 ni kunyimwa ruhusa, 32 ni programu nyingine imelishika faili, 2 faili halipo, 3 njia yenyewe haipo. Hiyo 5 ndiyo inayowatesa. Mnaniambia, "Dada, lakini mimi ni admini." Ni kweli, ila mara nyingi anayefungua faili si wewe, ni akaunti inayoendesha huduma, kama NT SERVICE\MSSQLSERVER, nayo haina njia ya kuingia kwenye Desktop yako ulikolibandika faili kutoka kwenye flashi. Lihamishie folda ya DATA ya SQL Server, ipe akaunti hiyo ruhusa. Usiipe Everyone, yaani kila mtu. Nimesema usiipe Everyone.

3. Kanzidata ya SQL Server 2019 (toleo 904 kwa hesabu ya ndani ya faili) haiunganishwi kwenye 2017 (869), na ya zamani ukiiunganisha kwenye toleo jipya inapandishwa moja kwa moja, hairudi.

4. Usifute ldf. Hapa nitakaa kidogo.

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umekolea. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, kwenye ofisi iliyotunza mfumo wa mapokezi ya mzigo kutoka vyama vya msingi. Umeme ulikatika jioni makarani wakiwa bado wanaingiza uzito wa magunia, betri ya UPS ikaisha, seva ikazima ghafla. Pale huduma ya SQL Server ilikuwa inawashwa kwa mkono, kwa hiyo umeme uliporudi nikaangalia diski kwanza. Ilikuwa imejaa. Mdf GB 6, ldf GB 41. Nikajiambia hii ni logi tu, kumbukumbu za matukio, nani anazisoma? Shift na Delete. Nikawasha huduma.

RECOVERY PENDING, yaani kanzidata imeshindwa kuanza kujirekebisha. Nikajaribu kuitenganisha na seva, ikakataa: kosa 3707. Nikachukua nakala ya mdf nikaijaribu pembeni kwa ATTACH_REBUILD_LOG, amri ya kuiunganisha na kuijengea logi mpya. Jibu likaja kwamba logi haiwezi kujengwa upya kwa sababu kulikuwa na miamala (mabadiliko ya data) iliyo wazi kanzidata ilipozimwa. Niliusoma ujumbe ule nimesimama. Halafu nikakaa.

SQL Server huandika kila badiliko kwenye logi kwanza. Kurasa za data hubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kushushwa kwenye mdf baadaye. Umeme ukikatika katikati, ni ldf peke yake inayojua muamala upi ulikamilika na upi uliishia njiani. Nilikuwa nimemfuta shahidi. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya siku tisa nyuma.

Mkubwa wangu wa kazi alinisimamia usiku ule: hali ya dharura (EMERGENCY), mtumiaji mmoja tu (SINGLE_USER), kisha ukarabati wa CHECKDB yenye REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS, unaokubali kupoteza data. Ikafunguka, lakini mapokezi ya jioni ile yalikuwa vipande: stakabadhi ina jina la mkulima haina kilo, nyingine ina kilo haina mwenyewe.

Siku ya tatu akaja mzee kutoka Tandahimba. Akafungua mfuko wa nailoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala ya kaboni, maandishi yameanza kufifia kwenye mikunjo. Kilo 312. Kwetu alikuwa na sifuri. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nilipima." Tukaagiza nakala zote za siku ile kutoka vyamani, tukaziingiza moja moja, mimi nasoma, mwenzangu anachapa, siku nne. Waliochelewa kulipwa walicheleweshwa na mimi.

Ldf ikivimba, fanya BACKUP LOG (bakapu ya logi), kisha DBCC SHRINKFILE kuipunguza.

5. Kabla ya kugusa chochote, simamisha huduma, nakili mdf na ldf, zote mbili, kwenye diski nyingine. Ukishaunganisha, endesha DBCC CHECKDB, ukaguzi wa uzima wa kanzidata, kabla ya kuwaita watumiaji.

Kuhusu kijana wetu: nilipofika nilimwomba anisomee sys.master_files, orodha ya mahali mafaili yaliposajiliwa. Ldf ilisajiliwa kwenye diski E. Mchana mtu alichomeka diski ya nje, akahangaika na herufi, na diski ya logi ikawa F. Kosa la Windows lilikuwa 3, limeandikwa wazi kwenye kumbukumbu za makosa tangu jioni. Tukairudishia E, yeye mwenyewe akaandika ALTER DATABASE na SET ONLINE, na kabla ya saa nne kanzidata ikawa hewani. Ndipo akauliza ingekuwaje kama angelifuta lile faili. Nikavuta kiti, nikaanza kumsimulia habari za kilo 312.