Mzazi Mwenye Presha Aanzie Zahanati

Mama yangu anaishi Kibosho, mimi ninaishi Moshi mjini, na tangu alipogundulika kuwa na shinikizo la juu la damu nimekuwa nikimsindikiza kliniki. Ushauri huu nauelekeza kwa wenye wazazi kijijini ambao, kila presha inapopanda kidogo, hukimbilia kumpeleka mzee KCMC.

KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda, na kazi yake ni kupokea wagonjwa waliozidi uwezo wa zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya na ile ya mkoa, ambayo kwetu ni Mawenzi. Presha isiyoambatana na maradhi mengine haihitaji daktari bingwa kila mwezi. Inahitaji mhudumu wa karibu anayeipima mara kwa mara na anayemfahamu mgonjwa. Safari na foleni za mjini huwachosha wazee, na mzee aliyechoka huacha kliniki. Hata hivyo, mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukilegea ghafla, au kifua kikibana kwa maumivu makali, hiyo ni dharura, na hapo mpelekeni hospitali moja kwa moja.

Kazi ngumu kuliko zote ni kumfanya mgonjwa aendelee na vidonge. Presha kwa kawaida haina dalili, hivyo mama alipojisikia mzima aliona hana sababu ya kumeza dawa, na majirani wakamuunga mkono. Ilibidi nimweleze, kwa upole na zaidi ya mara moja, kwamba dawa huishusha presha bila kuiponya, na kwamba akiiacha, presha hurudi na kuendelea kuumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo kimyakimya. Wapo pia wanaoacha kwa sababu ya kikohozi kikavu, ambacho huweza kuletwa na dawa kama enalapril au captopril. Mwelezeni daktari, naye atabadilisha dawa; msiikatishe wenyewe.

Kuhusu vipimo, mgonjwa apumzike dakika 5 akiwa ameketi na kuegemea, miguu ikiwa sakafuni na mkono ukiwa usawa wa moyo, na asiwe amekunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Mzee aliyetoka kupanda mlima kwa miguu akapimwa papo hapo atapata namba ya kutisha isiyo ya kweli. Kipimo kinachojirudia kufikia 140/90 au zaidi, kwa siku tofauti, ndicho cha kushughulikiwa.

Namba hizo ziandikwe kwenye daftari moja, pamoja na tarehe, jina la dawa na kiasi chake, kwa kuwa mifumo ya kompyuta ya vituo vyetu mara nyingi haisomani. Sisi hupiga picha ukurasa wa mwisho kila baada ya kliniki na kuwatumia ndugu wote, ili yeyote atakayemsindikiza mama safari inayofuata asimwachie mzee kazi ya kukumbuka.