Kabla hujachomeka hizo taa za chupa

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba una chupa 20 za waragi, ile pombe kali yetu ya Uganda, 3 umeshazitoboa, unataka taa za mezani za barazani kwa mama. Halafu katikati ya maswali ya gundi na rangi ya balbu ukatupia hili: "Naweza kupitisha waya moja kwa moja kwenye tundu?"

Hapana. HAPANA.

Mimi nilipitisha. Miaka miwili iliyopita, hapa Busia upande wa Uganda, nilimtengenezea shemeji taa 6 za mkahawa wake. Holda, yaani kishikio cha balbu, juu mdomoni, waya unashuka ndani ya chupa na kutokea nyuma, karibu na kitako. Wateja walizipiga picha. Nikaanza kutembea kama mtu mwenye kiwanda.

Kila asubuhi yule binti wa usafi alikuwa akisogeza taa, anafuta meza, anairudisha. Sogeza, futa, rudisha. Kila akivuta, waya unakwaruzwa na ukingo wa tundu. Kioo kilichotoka kutobolewa ni wembe, na umeme wetu ni volti 240, hausubiri umalize kufuta. Ganda la nje likakatika, kisha la ndani, hadi Jumamosi ya kabla ya Krismasi, watu wamejaa, shaba mbili zikagusana. Paa! Giza.

Ingeishia hapo ningecheka. Lakini kule kwenye boksi la fyuzi kuna fundi wa zamani aliyefunga kipande cha waya mnene badala ya fyuzi (naye nina maneno naye, siku nyingine). Kwa hiyo badala ya fyuzi kukatika, ukaungua waya wa ukutani, ule ule unaopeleka umeme jikoni. Friza ikazima. Mafundi wote walikuwa wameshapanda basi kwenda kijijini. Tulimpata mmoja Jumatatu. Ukifungua friza ile, nyama ya mbuzi na samaki ngege wa sikukuu nzima, harufu inakupokea mlangoni. Nililipa nyaya, fundi, nyama na samaki: laki sita na nusu. Taa zenyewe zote 6 hazikufika laki moja na nusu. Mpaka leo shemeji ananiita "Injinia", na haniiti kwa heshima.

Nani alinidanganya? Wa kwanza ni jamaa wa video. Dakika nane, saba za muziki na kujisifu. Anatoboa, anakata picha, ghafla taa inawaka. Ukingo wa tundu hakuuonyesha hata sekunde moja! Wa pili ni muuza vifaa mmoja. Nilimwomba ringi ya mpira, akacheka: "Ya nini? Kioo hakipitishi umeme." Kweli hakipitishi, mzee. Hata kigae cha chupa hakipitishi, lakini kinakata.

Kwa hiyo shika hili tu, mengine yasahau: waya usiguse kioo. Popote. Toboa kwa biti ya almasi yenye shimo katikati, polepole, maji yakitiririka, drili isiwe kwenye hali ya kugonga kama nyundo. Kisha sugua ukingo kwa msasa wa maji, ndani na nje. Kisha vika tundu mpira. Ukikosa ringi, kata kipande cha mpira wa petroli wa bodaboda. Mafundi wa pikipiki wanao, wengine wanakupa bure. Toboa tundu la kutosha mpira na siyo waya peke yake. Halafu kaza kwenye waya kile kikanda cha plastiki cha kufungia nyaya, ukipitishe mdomoni na waya wake, kikwame upande wa ndani wa tundu, ili mtu akivuta asivute holda.

Balbu weka LED ndogo, zile za zamani zinapika chupa. Na kama kati ya hizo 20 kuna za bia, zirudishe kwenye kreti, dukani watakudai.

Hizo 3 ulizotoboa usizichomeke leo. Pitisha kidole kwenye... hapana, usipitishe kidole, nina alama. Pitisha kipande cha soksi ya nailoni kuzunguka tundu. Kikinasa, rudi kwenye msasa.