Umefanyiwa uhalifu na huna pesa za wakili? Anzia hapa, Malindi na Lamu

Watu wanaonijia baada ya kupigwa, kuibiwa, au mtoto wao kunajisiwa, karibu wote huanza na swali moja: "Dada, wakili atataka pesa ngapi?" Mimi huwajibu kwamba kesi ya jinai hailipiwi wakili ndipo ifike kortini. Kwenye karatasi ya mashtaka pataandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani, na atakayeiendesha ni kiongozi wa mashtaka kutoka Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo ina tawi lake hapa Malindi. Huyo analipwa mshahara na serikali. Kwa hivyo akitokea mtu nje ya korti akakwambia faili lako halitasogea mpaka utoe elfu kadhaa, usimpe hata shilingi.

Haya nimeyapitia na mdogo wangu. Ni dereva wa tuktuk, na usiku mmoja alivamiwa njia ya Ganda, akakatwa panga mkononi, akanyang'anywa simu na pesa zote za siku ile. Nyumbani wazee walikuwa washaanza kuzungumzia kuuza ng'ombe ili tuweke wakili. Mama mmoja jirani, msaidizi wa kisheria wa kujitolea, akatuambia ng'ombe abaki zizini, kwanza tukusanye karatasi.

Karatasi ya kwanza ni namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ukishatoa taarifa kituoni usiondoke bila hiyo namba, na iwe imeandikwa. Sisi tuliandikiwa kwenye kipande cha daftari, nami nikakipiga picha palepale kaunta. Picha hiyo ilituokoa baadaye, pale askari mwingine aliposema haoni taarifa yetu kitabuni. Nilimwonyesha namba na tarehe, akafunua kurasa, akaipata.

Ya pili ni fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha. Fomu hiyo ni ya bure, hupewa kituoni, na pia unaweza kuichapisha kutoka tovuti ya polisi. Daktari ndiye anayeijaza. Wa kwetu aliupima mshono kwa rula, akaandika urefu wake na silaha iliyoelekea kutumika, akatia sahihi na muhuri. Kabla hujaondoka pale, hakikisha jina na tarehe ziko sawa, kwa sababu upande wa utetezi huzipenda sana tarehe zinazogongana. Toa nakala, na uweke risiti zote za dawa na za nauli ya kwenda hospitali. Zina kazi mwishoni.

Kwa aliyebakwa au kulawitiwa mambo ni mengine kidogo, na hapa naomba usome polepole. Nenda hospitali kwanza, hata kabla ya polisi ikibidi, na usikawie. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa unayoiwahi ni faida. Usioge, usifue. Nguo ulizokuwa nazo zitie kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, si wa plastiki, maana kwenye plastiki unyevu huharibu ushahidi. Mbali na P3, daktari atajaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa. Matibabu haya katika hospitali ya serikali ni bure kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006. Ukiwa peke yako na hujui pa kukimbilia, piga 1195, na kama ni mtoto piga 116. Namba zote mbili hazikatwi salio.

Sasa, wakili. Kiongozi wa mashtaka ana mafaili mengi, na kazi yake ni kuitetea Jamhuri. Kuna nyakati mwathiriwa anahitaji mtu wake mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inakupa haki ya kuwepo kesi ikisikilizwa, kujulishwa mapema ushahidi utakaotegemewa, kupata mkalimani, na kusikilizwa kabla mshtakiwa hajafikia makubaliano ya kukiri kosa. Inataka pia usalama wako uzingatiwe kabla ya masharti ya dhamana kuamuliwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, ikathibitisha kwamba wakili wa mwathiriwa anaweza kushiriki kesini kwa idhini ya mahakama, wala hakuwekwa pale akae kimya tu. Kwetu sisi hilo lilikuwa muhimu kwenye dhamana. Mmoja wa washtakiwa alikuwa akikaa mtaa mmoja nasi, na wakili wa kujitolea aliomba hakimu amkataze kufika karibu na nyumba yetu. Hakimu akakubali.

Wakili kama huyo utampata wapi? Upo msaada wa serikali chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, unaosimamiwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Huo ni wa wasiojiweza, na unaombwa kwa fomu. Kituo cha Sheria, shirika lililoanza 1973, lina ofisi Mombasa na limezoea watu wa hali ya chini. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, nao wako Mombasa. Husaidia wanawake na watoto bila malipo, na asiyepata wakili humfundisha kujitetea mwenyewe mbele ya hakimu. Ukiwa umeumizwa na askari, yaone mashirika ya haki za binadamu, MUHURI au Haki Africa, na upeleke malalamiko kwa IPOA, ambayo sheria imeipa kazi ya kuchunguza polisi. Chama cha Mawakili nacho huwa na wiki ya msaada wa kisheria kila mwaka, ambapo mawakili hukaa kwenye mahakama na kushauri watu bure. Ulizia dawati la huduma kortini ujue itakuwa lini.

Lakini usifike huko ukaanza kusimulia tangu ulipozaliwa. Andika ukurasa mmoja: nini kilitokea, lini, wapi, nani aliona, namba ya OB, namba ya kesi kama ipo, na tarehe ijayo ya korti. Kisha mstari wa mwisho useme unachotaka. "Nataka wakili" ni maneno mapana mno. Useme "mshukiwa anajulikana lakini hajakamatwa," au "natishwa nifute kesi," au "kesi inaahirishwa kila mara." Wa shirika akishajua shida yenyewe, mara nyingine huimaliza kwa barua moja kwa mkuu wa kituo. Na yeyote anayejiita wakili, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili uone kama ana leseni ya mwaka huu.

Jambo linalovunja kesi nyingi huku kwetu ni kikao cha nyumbani. Ndugu za mshtakiwa watakuja na wazee, watakuja na maneno mazuri, watasema sisi sote ni jamaa. Kwa ugomvi mdogo, sheria yenyewe inamruhusu hakimu kuhimiza suluhu, nami sina neno. Ila ubakaji, unajisi na wizi wa mabavu si vya kulipiwa mbuzi. Kuzisimamisha kesi hizo si uamuzi wa baba wala mjomba, ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Mzee mmoja alimwambia mama yangu, "Bibi, samehe, kijana ataharibikiwa." Mama akamjibu, "Na wangu hashiki usukani tena kwa mkono huu, yeye hajaharibikiwa?"

Wanawake wengi wanaopigwa na waume zao hukimbilia kwa Kadhi na kuishia hapo. Mahakama ya Kadhi ni ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu. Atakusikiliza kwa talaka na matunzo, lakini hana uwezo wa kumfunga mtu kwa kukuvunja taya. Unaweza kwenda kote kuwili: kwa Kadhi kudai haki zako za ndoa, na kwa hakimu kwa kosa la kupigwa. Hakimu huyohuyo unaweza kumwomba amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya ukatili wa nyumbani, ili mume asikukaribie, na huhitaji kungoja kesi ya jinai iishe.

Wenzetu wa Lamu wana mzigo zaidi. Kuvuka maji hadi Mokowe, kisha basi la Witu na Garsen mpaka huku, ni nauli na siku nzima. Kwa hivyo pigeni simu kwanza. Mashirika haya hushauri kwa simu na karatasi zinaweza kutumwa kwa picha. Kama ni tarehe ya kesi kutajwa tu, bila mashahidi kusikilizwa, muulize karani kama itafanywa kwa mtandao, maana tangu 2020 shughuli nyingi za namna hiyo zimehamia huko.

Mshtakiwa akipatikana na hatia, usiende nyumbani ukidhani yako yamekwisha. Kabla ya adhabu kutolewa, mwathiriwa anaweza kueleza mahakama jinsi kosa lilivyomdhuru. Mdogo wangu alieleza kuhusu vidole visivyofumba na deni la tuktuk. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema kwamba unataka kusema, na umkabidhi zile risiti, kwa sababu mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru fidia. Ukitaka kushtaki fidia kwa kesi ya madai, muda wa kawaida ni miaka 3 tangu siku ulipoumizwa, na muda huo haungoji kesi ya jinai imalizike. Hilo lizungumze na wakili wa bure siku ya kwanza unayokutana naye.