Dawa za kuvuruga vinasaba vya virusi: jibu kwa aliyeuliza kuhusu dengi

Mkuu mleta mada, umeuliza: kama zipo dawa zinazofanya kirusi kikosee kujinakili mpaka kife, kwa nini mdogo wako mwenye dengi hapa Tanga kapewa panadol na kuambiwa anywe maji? Mimi nauza dawa Ngamiani, na nilikuwa kaunta mwaka 2019 dengi ilipozikamata Dar na Tanga. Swali lako si geni kwangu.

Wazo lenyewe ni la kweli. Virusi vya RNA (ambavyo vinasaba vyao vimeandikwa kwa RNA, si DNA kama vyetu), vikiwemo vya dengi, mafua na surua, hujinakili kwa haraka na kwa makosa mengi. Cha dengi kina herufi za vinasaba kama 11,000, na kimeng'enya chake cha kunakili hakirudi nyuma kuhakiki. Makosa machache hukisaidia kukwepa kinga zetu. Yakizidi, ni kama kuchonga ufunguo kutoka kwenye nakala ya nakala: mwishowe kitasa hakifunguki. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha maabara kwamba dawa ya virusi iitwayo ribavirini huua kirusi cha polio kwa njia hiyo. Mwaka 2003 kikaripotiwa kirusi cha polio kilichostahimili dawa hiyohiyo, kwa sababu kilikuwa kimejifunza kunakili kwa uangalifu zaidi. Hapo ndipo ninapowaomba watu watulie.

Chukua molnupiraviri, dawa ya UVIKO ya aina hiyohiyo, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2021. Hujipenyeza kwenye RNA ya kirusi mahali pa herufi C, kisha husomwa mara C, mara U. Dozi ni vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 5, jumla 40, na lazima ianze ndani ya siku 5 za dalili. Katika jaribio kubwa la wasiochanjwa, waliolazwa au kufa walikuwa asilimia 6.8, dhidi ya 9.7 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Inasaidia, ila si kwa kiwango ambacho watu wanadhani. Wajawazito hawashauriwi kuitumia, na walio chini ya miaka 18 hawapewi. Mwaka 2023 wanasayansi walikuta virusi vyenye alama za dawa hiyo vikisambaa kutoka mtu hadi mtu, maana yake baadhi ya wagonjwa walibaki na virusi vilivyobadilishwa lakini hai.

Sasa fikiria hapa mtaani. Wateja wangu wengi hununua nusu dozi ya antibiotiki, wakipata nafuu wanaweka vidonge vilivyobaki kabatini. Dawa ya aina hii ikikatishwa katikati inaweza kuacha kirusi kimevurugwa bila kufa, na mimi sitaki kabisa kuona hilo.

Kwa dengi kuna tatizo jingine, la muda. Virusi hujaa kwenye damu siku za mwanzo za homa, na mgonjwa anapofika kwetu mara nyingi vimeshaanza kupungua. Kinachoua baadaye ni mishipa kuvujisha maji ya damu na presha kuporomoka. Kuvuruga vinasaba wakati huo kunasaidia nini?

Kwa hiyo mdogo wako asipewe diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Panadol na maji ya kutosha, na vipimo vya damu virudiwe. Homa ikishuka msilegeze macho, siku hizo ndizo mbaya. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu au akilegea, mpelekeni Hospitali ya Bombo usiku huohuo.