Kununua Ardhi ya Kiwanda Kilichokufa: Maswali Yenu

Mwaka 1950 Detroit, jiji la jimbo la Michigan nchini Marekani, lilikuwa na watu wapatao milioni 1.85. Sensa ya 2020 ilihesabu 639,111. Viwanda vilifungwa, watu wakahama, na viwanja vikashuka bei kiasi kwamba ndugu zetu wengi walioko Michigan sasa wanavitazama kwa macho ya tamaa. Barua nyingi mlizoniletea zinahusu viwanja hivyo, na hizi ndizo nilizochagua.

Binamu yangu ameona karakana ya zamani Detroit, bei ya kutupa. Anataka kufungua gereji. Dalali anasema hakuna shida, pamekaa bure zaidi ya miaka ishirini. Tuanzie wapi? (Msomaji, Lansing)

Msitoe hata senti kwanza. Miaka ishirini ya kukaa bure haisafishi risasi (madini yenye sumu, kwa Kiingereza lead), kwa sababu risasi haiozi. Mafuta yaliyovuja chini ya sakafu ya zege nayo huenda bado yako pale pale.

Anzeni na uchunguzi wa Awamu ya Kwanza. Hapo hakuna kuchimba. Mtaalamu hulikagua eneo, huwahoji wenye kulijua, hupekua kumbukumbu za serikali na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani. Mwambieni asiache ramani za bima ya moto za Sanborn. Zilichorwa ili makampuni ya bima yajue ni wapi moto ungeweza kuanza, kwa hiyo zinaonyesha tangi la petroli lilipokaa, chumba cha rangi na tanuri, jengo kwa jengo. Mimi huzithamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Halafu kuna sheria, na hapa ndipo wengi huumia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1980 inaweza kumbebesha mmiliki wa sasa gharama za kusafisha hata kama yeye hakumwaga tone. Kinga ipo, ila humfaa aliyechunguza kabla ya kununua, na sehemu muhimu za uchunguzi huo ziwe zimefanywa au kuhuishwa ndani ya siku 180 kabla ya kununua. Michigan ina kinga yake pia: mnunuzi wa ardhi chafu hufanya tathmini ya hali aliyoikuta, kabla au ndani ya siku 45 tangu anunue au aanze kuitumia, lolote litakalotangulia, kisha huiwasilisha kwa idara ya mazingira ya jimbo ndani ya miezi 6. Tathmini hiyo ndiyo inayotenganisha uchafu wa waliopita na uchafu wake. Kwa mwenye gereji jambo hili ni zito, maana yeye naye atashika mafuta kila siku. Na hata akipata kinga, bado ana wajibu wa kuhakikisha uchafu uliopo haumdhuru mtu.

Dalali akiwakatisha tamaa msifanye uchunguzi, ondokeni.

Tumeambiwa Awamu ya Pili inahitajika. Wanatafuta nini hasa? (Msomaji, Grand Rapids)

Sasa wanachimba. Hutoboa mashimo pale ambapo historia imeonyesha hatari, wakachukua sampuli za udongo na za maji ya chini. Penye tangi hutafutwa petroli, penye transfoma hutafutwa mafuta yenye kemikali za sumu ziitwazo PCB, penye kazi ya kupaka chuma madini ya nikeli na kromiamu.

Ninachotaka mkisimamie ni trikloroethilini, kimiminika kilichotumika sana kuondoa grisi kwenye vyuma. Ni kizito kuliko maji, kwa hiyo huzama hata chini ya maji ya ardhini na kusambaa mbali na kilipomwagwa. Kisha mvuke wake hupanda, hupenya nyufa za sakafu na kuingia ndani ya jengo, ambako watu huuvuta bila kujua. Husababisha saratani, na kwa mjamzito unahofiwa kudhuru moyo wa mtoto tumboni. Sampuli ya udongo peke yake inaweza isiuone. Ulizeni waziwazi: je, mmepima mvuke ulio chini ya sakafu? Kama jibu ni hapana na pale palikuwa karakana ya vyuma, kazi haijaisha.

Kwa nini kiwanda cha magari cha Packard, pale Detroit, kilikaa gofu muda wote ule? Jiji lilishindwa kukisafisha na kuuza? (Mwanafunzi wa mipango miji, Dar es Salaam)

Kilifunguliwa 1903, magari yakaacha kutengenezwa pale 1956. Mwaka 2013 kiliuzwa kwenye mnada wa mali zenye deni la kodi kwa dola 405,000, mwaka uleule jiji lilipofilisika rasmi. Mipango ya mnunuzi haikutimia, na ubomoaji wa jiji ulianza 2022, ukamalizika 2024.

Hesabu ndiyo iliyokwamisha. Katika jiji linalokua, bei ya ardhi hupanda hadi ikazidi gharama za kubomoa na kusafisha, na mjenzi huja mwenyewe. Jiji linapopungua, ardhi safi huuzwa kwa bei ndogo kuliko gharama ya kuisafisha iliyo chafu. Soko haliji. Ndiyo maana Michigan ilitunga sheria mwaka 1996 inayoruhusu ongezeko la kodi ya majengo, litokanalo na eneo kuendelezwa, limrudishie mjenzi gharama za usafishaji. Inasaidia, lakini lazima kwanza apatikane mwenye kujenga.

Njia ninayoiheshimu zaidi ni kumdai mchafuzi. Kampuni ya magari ya General Motors ilipofilisika 2009, makubaliano na serikali yalizaa mfuko wa amana wa dola milioni 773 kwa ajili ya maeneo 89 yaliyoachwa katika majimbo 14, kiwanda cha Buick City cha mji wa Flint, Michigan, kikiwemo.

Ni kweli miti husafisha sumu? (Msomaji, Arusha)

Kwa kiasi, na polepole. Mipopla hunyonya maji mengi na baadhi ya kemikali, lakini mizizi haifiki kila mahali na risasi kwa kawaida hubaki. Pale Flint, kwenye uwanja wa zamani wa Chevrolet kando ya mto, walifunika eneo kwa udongo safi, wakapanda nyasi na miti, wakatengeneza njia za kutembea. Wananchi wamepata bustani. Uchafu ulio chini haujatoweka, kwa hiyo kifuniko hicho lazima kitunzwe.

Nyuma ya nyumba yetu Detroit kuna kiwanja kitupu. Naweza kulima mchicha na sukuma wiki? Nina watoto wadogo. (Mama, Detroit)

Dada yangu, pima risasi kwanza. Januari 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo. Usidanganywe na kukosekana kwa kiwanda jirani: nyumba nyingi za zamani zilipakwa rangi yenye risasi, na zikibomolewa vumbi lake huingia ardhini.

Kipimo kikiwa juu, lima kwenye matuta ya mbao yaliyoinuliwa, yenye udongo safi ulioletwa na kitambaa chini yake. Hatari kubwa kuliko mboga ni udongo wenyewe kuingia midomoni mwa watoto, kwa hiyo funika sehemu zilizo wazi kwa nyasi au vipande vya mbao, viatu viachwe mlangoni, mikono inawishwe kabla ya kula, na mboga zioshwe vizuri. Watoto wakiwa wamekwisha cheza pale, wapeleke wapimwe damu. Risasi mwilini mwa mtoto mara nyingi haionyeshi dalili hadi imekwisha mdhuru, kwa hiyo usisubiri augue.