Sue Enquist alitwaa ubingwa akiwa mchezaji na pia akiwa kocha

Sue Enquist alikuwa bingwa wa softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, akiwa mchezaji kabla ya kuwa kocha, na mara zote akiwa na UCLA, timu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Alicheza nafasi ya katikati ya uwanja wa nje katika kikosi kilichotwaa taji la taifa la Marekani mwaka 1978. Wengi hulikosa taji hilo kwa sababu wanatafuta katika orodha za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambacho kilianza kuandaa mashindano ya softiboli ya wanawake mwaka 1982 tu. Kabla ya hapo michezo ya wanawake vyuoni ilisimamiwa na AIAW, chama cha michezo ya wanawake vyuoni, na ndiko ubingwa wake ulikoandikwa.

Kuanzia mwaka 1989 aliongoza timu akiwa kocha mkuu pamoja na Sharron Backus, kisha peke yake kuanzia 1997 hadi alipostaafu mwaka 2006, na katika kipindi hicho cha peke yake akatwaa mataji ya 1999, 2003 na 2004. Katika kuhesabu mataji yake, la 1995, walilolipata akiongoza pamoja na Backus, lisiingizwe, kwani NCAA ililifuta baadaye, ingawa uwanjani UCLA ndiyo iliyoshinda. Aliyempokea kijiti cha ukocha, Kelly Inouye-Perez, naye alikuwa bingwa hapo hapo UCLA akiwa mchezaji wa nafasi ya mdakaji.