Kwa Mnaoanza Chuo Hapa Mtwara: Mimi Hakikunielemea Kitabu

Wadogo zangu mnaoripoti mwaka huu, habari za ada, hosteli na bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) linaingia lini mtazipata getini kabla hamjashusha mabegi. Mimi nataka kusema habari ya kichwa, yaani akili inavyoweza kulemewa chuoni.

Nilikuja Mtwara mjini nikitokea Newala, shuleni kwetu nikiwa wa kwanza tangu kidato cha tatu. Wiki ya pili nimekaa ukumbini, kumbe kila aliyemo alikuwa wa kwanza kwao. Kijana wa mbele anamjibu mhadhiri Kiingereza kinateleza, mimi bado natafuta neno. Nikajiambia nimepita kwa bahati, siku moja watanishtukia. Baadaye sana nikasoma kwamba mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliieleza hali hiyohiyo kwa wanawake waliofaulu sana lakini ndani wakijiona walaghai. Mimi nilidhani ni ushamba wangu, nikakaa mwaka mzima bila kunyoosha mkono.

Ikaja testi ya kwanza. Matokeo yakabandikwa ubaoni kwa namba za usajili. Nikayafuata usiku watu wameshaondoka, nikamulika kwa simu: 11 kati ya 40. Mwenzangu wa geto, chumba tulichopanga, alikuwa na 12, ila nilikuja kulijua hilo mwaka wa pili! Tulikuwa tunapika sufuria moja, kila mtu kamficha mwenzake.

Nyumbani nako baba anapiga simu. "Masomo vipi?" "Yanaenda, baba." Ada yangu ilikuwa korosho, na malipo ya mnada hayafuati ratiba ya chuo. Mitihani imekaribia, ada haijatimia, hujui kama utaruhusiwa kuingia. Na mzee huwezi kumlaumu, maana naye anadaiwa na vibarua waliompalilia shamba.

Nikaanza kukesha. Chuoni kukesha kunasifiwa kupita kiasi. Ubongo hupanga kumbukumbu ukiwa umelala. Ulichokimeza saa tisa usiku bila kufumba jicho hukikuti kwenye mtihani. Nikapata sapu mbili. Chakula hakipiti, kichwa kinagonga, Jumapili wenzangu wanashuka ufukweni Shangani mimi nimejifunika shuka. Nikaenda kupima malaria, hakuna kitu. Daktari akaniuliza nalala saa ngapi, na mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini. Nikashindwa kujibu, nikalia pale pale.

Kwa hiyo shikeni hili: huzuni, kukosa usingizi au kutotamani hata ulichokuwa unakipenda, ikifika wiki mbili mfululizo usiseme ni uchovu. Mwone mshauri wa wanafunzi, au nenda hospitali ukaeleze kama unavyoeleza homa. Ukianza kuwaza kufa, usingoje hata kesho, mwamshe wa kitanda cha jirani. Shehe au mchungaji akikuombea ni vizuri, ila na hospitali nenda. Na matokeo mwonyeshe mtu mmoja, hata kama ni mabaya. Mimi hili ndilo lililonipunguzia mzigo kuliko dawa yoyote.

Baba nilimwambia likizo, tumekaa chini ya mkorosho. Akanyamaza kidogo.

"Sapu ndiyo nini?"

"Kurudia mtihani, baba."

"Kumbe wanakuruhusu kurudia," akasema, akaanza kunihadithia bei ya mnada wa pili.